Waliniuliza kama naweza kujilipia karo ya masters, nikajibu "Alhamdulillah"

Wakuu, salamu kwenu nyote. Wa ofisini, wa nyumbani, na nyinyi msomao huku bosi yuko nyuma ya mlango, salamu ziwafikie.

Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa muda mrefu. Nasoma visa vya watu, nacheka, nanuna, nafunga simu. Leo nimeona nami nilete changu. Chumvi sitii, kwa sababu kisa chenyewe kimeshakolea. Nimebadilisha majina tu, na chuo sikitaji, kwa hivyo msinishike koo huko chini mkitaka kukijua.

Tufanye naitwa Swabra. Ni mwanamke wa Kuze, Mji wa Kale, Mombasa, nyumba ile ile alimozaliwa babu yangu. Baba alishatangulia mbele ya haki. Tumebaki wawili, mimi na mamangu.

Wakati huo nilikuwa nafundisha historia katika skuli moja ya binafsi, kwa mkataba wa muhula kwa muhula. Mama ni mshonaji wa kofia, zile za mkono, za vitundu na maua. Kila nikirudi kazini namkuta dirishani, kofia mkononi, miguu ameikunja juu ya kiti.

Nilikuwa nimekubaliwa kusoma masters ya historia.

Najua wengine mtasema historia ya nini, si ungesoma uuguzi. Hayo nimeshaambiwa na shangazi zangu wote, tena kwa zamu. Hamtanipa jipya.

Taabu ilikuwa hii. Mwaka wa kwanza nilipoitwa, karo haikupatikana, nikaahirisha. Na kanuni ya chuo ni kuwa waahirisha mara moja tu. Ukishindwa mara ya pili, nafasi yapewa mtu mwingine, nawe uanze upya kuomba kama bado wapenda.

Barua ya mara hii ilisema wazi: ifikapo Ijumaa ya wiki ya tatu tangu chuo kufunguliwa, uwe umesajiliwa, ama kwa karo ama kwa barua ya ufadhili. Baada ya hapo, kwaheri.

Karo sikuwa nayo. Nikawa natazamia kitu kimoja tu, wenyewe hukiita assistantship.

Kwa asiyejua: idara huchukua wanafunzi wachache wa masters waifanyie kazi. Wafundisha wale wa mwaka wa kwanza, wasahihisha mitihani yao, ama wamsaidia mwalimu kwenye utafiti wake. Nawe wasamehewa karo na kupewa posho kidogo. Ukisomea udaktari au uhandisi wafadhili ni wengi. Sisi wa historia na fasihi, wakuu, tunagombania mkate mmoja. Mwaka huo idara ilitangaza nafasi moja. Moja!

Nikachukua fomu, nikaja nayo nyumbani.

Ukurasa wa kwanza ni jina na matokeo. Wa pili, ujuzi ulio nao. Wa tatu umeandikwa: "Eleza hali ya kifedha ya familia yako na kwa nini unahitaji msaada huu." Halafu mistari mitupu, mingi, mpaka chini.

Mama hasomi Kiingereza, nikamfasiria. Akaiweka kofia magotini.

"Wataka kutuvua nguo mbele za watu?"

"Si watu, Mama, ni chuo."

"Na chuoni wamekaa nini, majini? Andika twashukuru Mungu."

Na mimi nikaandika twashukuru Mungu. Sikumbishia. Hapa nataka mnielewe, maana najua kuna watu wa bara humu watasema nilikuwa mjinga.

Kwetu kuna kitu chaitwa stara. Lililo ndani lakaa ndani. Jirani akikuletea sahani ya chakula, sahani hairudi tupu. Nakumbuka siku ambayo ndani hamna kitu, Mama akarudisha sahani ya watu na sukari juu yake, na ile ndiyo sukari yetu ya mwisho. Tukanywa chai bila sukari siku mbili. Lakini sahani haikurudi tupu.

Nikiwa na miaka sita walikuja wageni, nikasema kwa sauti, "Mama, nina njaa." Nilifinywa paja wakuu, wallahi nikaona nyota mchana. Aliyekulia Mombasa ajua kile kifinyo. Mama yuacheka na wageni, mkono wake uko chini ya leso wafanya kazi yake.

Basi ndiyo skuli niliyosoma kabla ya skuli.

Ukurasa wa pili, wa ujuzi, nikajaza kompyuta, kufundisha, Kiingereza. Kumbukeni ukurasa huu, nitaurudia.

Wiki ya kwanza ya muhula nikaitwa kwa intavyuu. Walikuwa watu watatu mezani, na anayeongoza ni mkuu wa idara. Nitamwita Profesa. Ni mama wa makamo, mtu wa bara, amekaa Mombasa miaka mingi lakini Kiswahili chake kimebaki kile cha vitabu, kila neno limepigwa pasi.

Maswali ya historia niliyajibu vizuri. Nilijiona naelea. Mwisho Profesa akafunga faili, akavua miwani.

"Swabra, iwapo hutapata nafasi hii, utaweza kujilipia karo?"

Mimi huyo, binti wa mamangu, mgongo wima, buibui limenyooka:

"Alhamdulillah, Profesa. Mungu ni mwingi wa riziki. Hatujapungukiwa."

Wakaandika. Wote watatu wakaandika!

Nikakaa nikingojea swali la pili. Maana kwetu mtu haulizwi mara moja. Ukija kwangu nikakuuliza umekula, utasema nimeshiba. Nitakuuliza tena, utasema wallahi nimeshiba. Mara ya tatu nakuvuta mkono, wakaa, wala. Mara ya kwanza ni adabu, ya pili ni adabu, ya tatu ndiyo maneno. Kila mtu ajua hivyo.

Profesa akasema, "Asante, unaweza kwenda."

Nikatoka nikijiambia wataniita tena waniulize vizuri. Msinicheke.

Wiki ya pili karatasi ikabandikwa ubaoni. Jina moja, na silo langu. Nafasi alipewa msichana aitwaye Mutheu.

Niliumia. Sitawaficha, niliumia na nikafanya choyo. Huyu Mutheu nilimjua kwa sura. Babake alikuwa mfanyakazi wa reli, amestaafu, naye Mutheu alikuwa akikaa kwa kakake Bondeni. Matokeo yangu yalikuwa juu ya yake, nilikuwa nimeshauliza. Nikaanza kusema moyoni yale maneno yetu mabaya: watu wa bara bwana, wanajua kusukumana.

Nikamkuta kwenye mkahawa wa chuo yuala chapati na maharagwe. Nikampa hongera kwa mdomo, macho yakisema mengine. Yeye akasogeza kiti nikae.

"Swabra, mimi nilidhani utachukua wewe. Uliwaambia nini?"

Nikamwambia.

Akaacha kutafuna. "Uliwaambia unaweza kujilipia?"

"Sikusema naweza. Nilisema Alhamdulillah, hatujapungukiwa."

"Sasa hiyo si ni kusema unaweza?"

Nikamuuliza yeye alisema nini. Akasema, bila hata kupunguza sauti, na mkahawa umejaa: "Niliwaambia baba amestaafu, kakangu ana watoto wanne, na mimi sina. Nikikosa hii narudi nyumbani."

"Ukawaambia hivyo? Mbele ya watu wazima?"

"Si wao ndio waliuliza?"

Wakuu! Nilikaa pale nikitazama maharagwe ya watu.

Kisha Mutheu akasema, "Shuleni tulifundishwa methali, mficha uchi hazai. Sisi tulikariri tupite mtihani. Nyinyi mmezaliwa nazo, mbona hamzitumii?"

Nikacheka, nusu kwa hasira. Tangu siku hiyo ni shoga yangu mpaka leo, na akisoma hapa atajijua.

Ni yeye aliyenifungulia mlango. Akaniambia ofisini kwa Profesa kuna sanduku la mbao, familia moja ilitoa barua za zamani za babu zao, Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Mradi umeshapata mfadhili, na kuna nafasi ya msaidizi, lakini hawajaitangaza kwa sababu hawajampata mtu wa kuzisoma. Waliojaribu walisoma herufi, maneno yakawashinda.

"Hayo maandishi wewe huyajui?" akaniuliza.

Nisiyajue vipi! Mamangu haandiki kwa hati nyingine. Orodha ya dukani, dawa ya kikohozi, majina ya watu wa kualikwa harusini, vyote kwa hati ile. Alinifunza kabla sijaingia chekechea, akinituma dukani na karatasi nijisomee mwenyewe njiani.

"Na mbona hukuandika kwenye fomu?"

Sasa ndio narudi kwenye ule ukurasa wa pili. Sikuandika kwa sababu haikunipitikia kuwa ni ujuzi. Ni kama ungeniambia niandike kuwa najua kupika chai. Kitu cha nyumbani, cha kina mama, nani akipeleke chuoni? Nyinyi mnaoomba nafasi hizi, tazameni vizuri mnachokiacha mlangoni mkitoka kwenu. Mimi nilikiacha na ndicho kilichokuwa kikitafutwa.

Jumatatu ya wiki ya tatu nikabisha kwa Profesa. Akanipa barua moja kutoka sandukuni. Nikamsomea mpaka chini bila kukwama. Akavua miwani, akaivaa, akaivua tena.

"Ulikuwa wapi?"

"Kuze, Profesa."

Akacheka kidogo. Halafu akafungua faili langu na kicheko kikamwisha.

Tatizo ni kuwa mfadhili wa mradi alitaka nafasi ile apewe mwanafunzi asiye na uwezo. Na faili langu, kwa mkono wangu na kwa mdomo wangu, lasema hatujapungukiwa.

"Siwezi kulifuta," akasema. "Niletee barua. Ama ya chifu, ama ya mzazi unayeishi naye, ieleze hali yenu ilivyo. Tunakaa Jumatano asubuhi, sisi wale wale watatu. Ijumaa unajua ni nini."

Nilijua Ijumaa ni nini.

Ya chifu niliiondoa pale pale. Ningekwenda kwa chifu asubuhi, adhuhuri Kuze nzima ingekuwa na habari, na jioni ingefika Majengo ikiwa na mikono na miguu. Ikabaki ya Mama.

Nikamkuta dirishani na kofia yake. Nikamweleza yote. Sanduku, barua za kale, kazi ya kuzisoma, Jumatano, Ijumaa. Alipenda sana kusikia habari ya hati. Akauliza barua zenyewe za nani, wameandika nini, wino wake mweusi au wa zambarau. Nikaona mambo yamelainika, nikatia la mwisho.

"Wataka uandike kuwa hatuna, Mama."

Akaitazama kofia.

"Siri ya mtungi aijuaye kata," akasema. "Siri ya nyumba hii yajua nyumba hii."

"Nimeshaahirisha mara moja. Hawanipi tena."

"Mungu atatoa."

"Mama, Mungu ametoa! Ametoa nafasi. Yataka barua tu."

"Weye wanifunza mimi Mungu?"

Na hapo wakuu nikasema neno ambalo mpaka sasa hivi nikilikumbuka najiona mdogo. Nikamwambia, "Stara hailipi karo."

Alisimama, akakunja kile kitambaa cha kofia, akapanda ngazi kwenda juu, mkono ukutani, pole pole. Nikamsikia akifunga mlango. Mamangu hafungi mlango mchana.

Kesho yake, Jumanne, hatukusemezana ila salamu. Amepika, nimekula, nimeosha vyombo. Nyumba kubwa na watu wawili wanaopishana kwenye ngazi kama wapangaji. Nilishaanza kutunga maneno ya kumwambia mkuu wa skuli yangu anirudishie vipindi vya mchana nilivyoviacha kwa ajili ya chuo, kwa sababu masters ndiyo kwaheri.

Jumatano asubuhi nashuka, nakuta bahasha juu ya meza, imewekewa kopo la sukari lisipeperuke.

Juu yake, kwa hati yake: "Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Idara." Kwa herufi za Kiarabu.

Mama yuko jikoni, amenipa mgongo. "Usiifungue. Ni ya wenyewe."

"Sawa Mama."

Nilielewa papo hapo, au niliona nimeelewa. Ameandika ili ombi langu litimie, lakini ameandika kwa hati ambayo hakuna mtu pale ofisini aijuaye. Wataiona karatasi, wataona mwandiko wa mkono wake, na siri itabaki kuwa siri. Nilitoka nikicheka na kukasirika pamoja. Nikasema lo, mamangu huyu! Ameniitikia na kunikatalia kwa karatasi moja.

Nikaingia ofisini. Wale wale watatu, meza ile ile.

Profesa akaifungua bahasha. Akaigeuza karatasi, akaigeuza tena kutafuta juu ni wapi. Jirani yake akachungulia. Wa tatu akasema, "Hii imeandikwa nini?"

Profesa akanitazama. Nikaona jambo linamjia usoni.

"Huu utakuwa mtihani wako," akasema, akanisukumia barua. "Tusomee. Kama ilivyo."

Nikaanza kwa sauti ya skuli, ile ya kusomea watoto.

"Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Idara, salamu nyingi zikufikie wewe na walio nawe. Ama baada ya salamu, nimeombwa niandike kuwa sisi hatuna. Neno hili sijapata kuliandika tangu nizaliwe. Basi niwieni radhi kwa hati."

Hapo bado nilikuwa nasoma tu. Nilikuwa hata najivunia, maana sikukwama.

"Mwanangu yuadhani bangili zangu ziko kwa sonara zatengenezwa. Haziko kwa sonara. Ziliuzwa mwaka aliomaliza digrii yake ya kwanza."

Nikasita. Profesa akasema, "Endelea."

"Yuadhani kofia hazina soko kwa sababu watu wavaa za mashine. Kofia sishoni. Tundu la sindano silioni, mwaka wa pili huu. Hukaa dirishani na kitambaa mkononi, ili akija anikute nashona."

Wakuu.

Miaka miwili. Miaka miwili naingia mlango ule, nasema "Mama, bado waishona hiyo?" naye yuasema "Kazi ya mkono haina haraka, mwanangu." Ilikuwa kofia ile ile moja. Nyeupe, maua upande mmoja tu. Na mimi msomi wa historia, mtu wa kutazama karatasi za miaka na miaka nikatoa ushahidi, sikuona kofia iliyo mbele ya macho yangu.

Nilitaka kuiweka chini ile karatasi. Lakini nilikuwa nimeambiwa nisome kama ilivyo, nikasoma.

"Tulacho ni aletacho yeye. Mlimuuliza akawajibu hatujapungukiwa. Msimwandikie kuwa ni mwongo. Alipokuwa wa miaka sita alisema mbele ya wageni kuwa ana njaa. Nikamfinya paja mpaka akanyamaza. Hajasema tena mpaka leo. Kosa ni langu."

Nilidhani mimi peke yangu ndiye nikumbukaye kile kifinyo.

Ikabaki mistari michache.

"Nimeandika kwa hati hii kwa kuwa najua hapo hapana aijuaye ila yeye. Atakayewasomea ni yeye. Nimeona haya kumwambia uso kwa uso, nikaona nimwambie mbele yenu. Wasalaam. Mimi mamake."

Basi hakuwa ameficha. Mimi ndiye niliyekuwa mjanja wa bure. Alikuwa amenisikia vizuri siku ile ninamweleza habari ya sanduku na watu wasioweza kusoma. Alijua tangu mwanzo barua ile itaishia mikononi mwa nani.

Nililia. Si kilio cha sinema, machozi tu yalikuwa yashuka nami nimeshika karatasi juu yasiidondokee. Yule wa tatu akanisogezea maji. Hakuna aliyenihimiza.

Nilipotulia, Profesa akasema, "Swabra, kuna swali niliwahi kukuuliza. Naomba kuliuliza tena. Iwapo hutapata nafasi hii, utaweza kujilipia karo?"

"Hapana, Profesa," nikasema. "Siwezi."

Ilikuwa mara yangu ya kwanza. Nilingoja ardhi ipasuke, haikupasuka. Wakaandika, wote watatu.

Barua ya ufadhili niliipata Alhamisi. Ijumaa nikasajiliwa, tena nilikuwa wa kwanza kwenye foleni, nilifika kabla ya yule mwenye funguo.

Na kazi yangu ya kwanza ya msaidizi mwaijua ilikuwa nini? Profesa alisema faili lataka nakala isomekayo na mfadhili, basi niiandike ile barua kwa herufi za kawaida, neno kwa neno, nisirekebishe kitu. Ndiyo karatasi ya kwanza niliyoifanyia kazi chuoni. Kabla ya babu za watu, barua ya mamangu.

Lakini hiyo ilikuwa baadaye. Turudi ile Jumatano.

Nilitembea mpaka nyumbani taratibu, sikutaka kufika. Nikapitia njia za ndani, nikanunua mkate wa mofa ambao hatukuhitaji. Nilikuwa sijui nitaingia na uso gani.

Yuko dirishani. Kofia mkononi. Nyeupe, maua upande mmoja.

Nikamwamkia, "Shikamoo Mama."

"Marahaba." Hakunitazama. "Umewasomea?"

"Nimewasomea."

"Yote?"

"Yote, Mama."

Akatikisa kichwa pole pole. Nje kulikuwa na muuza kahawa akigonga vikombe vyake. Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia, ya kumtaka radhi kwa lile nililosema, na hakuna lililotaka kutangulia.

"Na hati?" akauliza. "Hati waliionaje?"

"Waliisifu. Profesa amesema ni safi kuliko zote za sandukuni."

Hapo akatabasamu kidogo, nikajua nimesamehewa. Wallahi sikuongeza, Profesa alisema hivyo kweli.

Kisha akaninyooshea sindano.

"Haya, njoo unitilie uzi. Mimi sioni."

Alisema kwa sauti yake ya kawaida, kama mtu anayeomba maji. Nikakaa chini karibu na magoti yake, nikamtilia. Nilikosea mara mbili, maana na mimi nilikuwa sioni vizuri wakati ule.

Siku hizi ndiyo kazi yangu ya kila asubuhi kabla sijaenda chuoni. Namtilia sindano kumi, nazipanga kwenye kitambaa. Maua ya upande wa pili yeye ayashona kwa kupapasa, vitundu nashona mimi wikendi, vibaya, naye afumua. Hospitali ya macho tumeshakwenda, twangojea siku ya matibabu waliyotupangia. Kofia ile itakwisha mwaka huu inshallah.

Nilichojifunza, wakuu, si kuwa stara ni mbaya. Stara ndiyo iliyotulea, na mtu akija kunitukania nitambishia hapa hapa. Lakini kuna watu waulizao mara moja tu, kisha wafunga faili. Si wabaya, ndivyo walivyolelewa nao. Ukiulizwa na watu kama hao, sema Alhamdulillah, maana ni haki yake Mola. Ila usiishie hapo. Vuta pumzi, umalizie sentensi.

Na fomu zenu, ule ukurasa wa ujuzi, muulizeni mamenu awasaidie kuujaza.

Basi mimi nimemaliza. Mliopitia haya ya kuomba ufadhili, hasa sisi wa historia na fasihi tunaogombania mkate mmoja, nanyi semeni: mlikosa wapi, nani aliwashika mkono, kwenu mtu huulizwa mara ngapi ndipo aseme lililo moyoni? Wenye njaa waseme wana njaa. Humu hakuna wa kumfinya mtu paja.